Mkate wa Sufuria na Kura ya Nakato

Nateete, Jumanne usiku

Amekula. Ninaliandika neno hili kabla ya mengine yote, kwa kuwa ndilo nililolingojea tangu homa impate mke wangu. Daktari alikwisha kunionya kwamba Nakato akiendelea kukataa chakula, atarudishwa wodini.

Niliuoka mkate mwenyewe katika sufuria, makaa ndani ya sigiri na mengine juu ya kifuniko. Upande wa chini uliungua, jambo lililoniudhi mno. Niliukwangua kwa kisu, kisha nikakatakata kachumbari ya nyanya, kitunguu na ovakado, nikaikamulia ndimu.

Nilisimama kando ya kitanda kama nisimamavyo ninapowasilisha maombi ya majirani kwa wakubwa. "Mama Sara, kwa heshima na taadhima, ninakuomba uonje walau kipande kimoja."

"Sebo, ombi hilo lazima tulipigie kula," akajibu, akiniita bwana kwa lugha yake.

Neno sahihi ni kura. Tangu tuoane ninamsahihisha, naye hulitamka vilevile, Kiganda chake hakimwachi. Safari hii niliacha kumsahihisha nikamsogezea sahani, maana alikuwa ameunyosha mkono.

Akamega mkate, akauchovya katika maji ya kachumbari, akatafuna taratibu. Akaomba kipande kingine.

"Chini umeunguza, Baba Sara. Lakini ombi limepita. Kaandike: Nakato amepiga kula."

Kesho huenda akakataa tena. Hofu hiyo ningali nayo. Lakini usiku huu ninaandika kama alivyoagiza, bila kusahihisha hata herufi moja: Nakato amepiga kula.