Jiwe la Acen

Malaba, 9 Februari 2025

Yoga, nakusalimu, Mama mpendwa,

Nisamehe kwa kukaa kimya hivi. Tangu ulipoondoka hapa mwezi wa kumi na moja nimeanza barua nyingi, nikifika kwenye "hatujambo" kalamu inasimama. Simu nayo siiwezi. Nikisikia sauti yako, yangu inapasuka, na Apio akinisikia analia na yeye. Basi naandika, Kevo wa bodaboda atakuletea akija Masaba kuchukua karanga.

U hali gani? Goti limepoa? Mihogo mmeshang'oa? Sisi tupo. Ben bado yuko njiani na trela la Juba. Apio ameota meno ya kwanza, sasa ananyonya kwa kuuma. Mimi nimechoka tu, uchovu ule wa kufua, kuuza chapati na kuamka tena.

Nina habari na nina ombi. Kanisani kwetu alikuja mwalimu kutoka Tororo, anaitwa Maggie, kufundisha kikundi cha akina mama sala ya kimya. Si ile ya mmoja kushika maikrofoni na wengine kuitikia amina. Unapanga vituo ndani ya kanisa, kila kituo kina kitu cha kushika na neno fupi la Biblia. Mtu anapita peke yake, polepole, mikono yake ndiyo inayosali. Kuna kituo cha majivu, unaandika humo kwa kidole jambo unaloomba usamehewe, kisha unalifuta. Kuna cha udongo na mbegu. Na kuna cha chungu cha maji na mawe. Unachukua jiwe, unalishika mpaka mkono uujue uzito wake, unamtaja mtu uliyempoteza, halafu unaliachia majini. Wenzangu wamenichagua mimi nipange, eti nina mkono mtulivu. Laiti wangejua.

Naomba mawe laini ya kile kijito chako, na chungu kimoja cha mdomo mpana.

Mama, nisikufiche. Nataka kuweka jiwe la Acen. Siku tuliyomzika hukuniruhusu hata kukunja uso. Nilikutii kwa sababu sikuwa na nguvu ya kubisha. Sasa yale machozi yamekaa hapa kifuani kama tonge lililokataa kushuka. Nijibu.

Mkamwana wako,
Kate


Masaba, 20 Februari 2025

Mama Mapacha, mwanangu,

Yoga noi. Barua nimeisoma mwenyewe, ile miwani aliyoninunulia Ben inafaa. Goti linauma mvua ikikaribia tu, kwa hiyo sasa ndilo redio yangu ya hali ya hewa. Mihogo ipo, haina haraka.

Mawe hayo. Kevo amelalamika sana. "Bibi, wenzako wanatuma karanga, wewe unatuma mlima?" Nikamwambia mlima huo unaenda kusali, aubebe kwa heshima. Chungu nimekifunga kwa majani ya migomba, kikifika na ufa mwulize yeye. Kumbe Mungu naye mmempangia foleni kama malori hapo Malaba? Sisi tulizoea kumpigia kelele tu. Lakini si vibaya. Kelele zimezidi.

Ila hilo la Acen, hapana.

Pacha hafi, anaruka. Unajua, hata kwenu mnajua. Ukimlilia aliyeruka, huyu aliyebaki anasikia kama naye anaitwa, anamfuata mwenzake. Hatukukunyima machozi kwa ukatili. Tulikuwa tunamshika Apio.

Na mimi ni Apio, pacha wa kwanza, usisahau. Acen wangu aliruka tungali tunatambaa. Mama yangu hakudondosha chozi, si siku ile, si baadaye, na mimi niko hapa na mvi zangu. Alikuwa akinitazama tu. Nikiwa nacheza, nikigeuka, namkuta anatazama, tena si mimi hasa, ni hapa kando yangu kidogo. Lakini niliishi, Kate. Niliishi nikamzaa Ben.

Weka jiwe la marehemu baba yako. Alikuwa mtu mzuri, na kumlilia yeye hakumwiti mtoto. Mtoto mfunike kichwa, huko kwenu moshi wa malori ni mwingi.

Bibi yao,
Mama Ben


Malaba, 31 Machi 2025

Yoga, Mama,

Salamu nyingi, na asante kwa mawe. Chungu kilifika kizima. Goti linasemaje? Hapa mvua imeshaanza, barabara ni tope, madereva wanatukana kwa lugha zote.

Sala ilikuwa Jumamosi. Mabenchi tuliyatoa nje, madirisha tukayafunika kwa vitenge ili mwanga uwe kidogo. Mimi na Goretti wa kikundi chetu tulifagia, tukapanga vituo kuzunguka ukuta. Ungecheka, Mama. Watu wa mpakani ni watu wa mpakani. Walipoona meza moja, halafu nyingine, halafu nyingine, wakapanga foleni mlangoni na kutoa vitambulisho! Mzee Imalingat, yule mlinzi wa maegesho ya malori, akamuuliza Maggie, "Madamu, hapa ni kuingia au kutoka?" Maggie akamwambia hapa ni kupita tu, baba. "Bila kugongewa muhuri?" Bila muhuri. Alisimama kwenye majivu akaangalia nyuma na mbele, haamini kwamba hakuna wa kumkagua. Kisha akaandika, akaandika, majivu hayakumtosha.

Mildred naye, unamjua, yule wa kwaya, alianza kuomba kwa sauti ya kupasua mabati. Goretti akamvuta nguo, "Kimya, dada." Akajibu, "Nikiwa kimya, Mungu atajuaje kuwa ni Mildred?" Tulicheka mpaka Maggie mwenyewe akakaa chini. Lakini baadaye kimya kilikuja. Sijawahi kusikia kanisa letu hivyo. Ilisikika miguu tu, na jiwe moja moja likiingia majini.

Mimi kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye chungu na kuwapa watu mawe. Apio alikuwa mgongoni, amelala. Wengine walipokwisha nikabaki na jiwe mkononi, dogo, la kijivu. Nilijiambia hili ni la baba. Nililishika. Mama, halikuwa la baba. Lilikuwa na uzito wa kichwa cha Acen siku ile homa ilipomwachia, nikadhani amepona.

Nikasema, "Acen." Kwa sauti. Nikaliachia.

Nililia mbele ya watu wote. Nilipiga magoti nikalia mpaka maji ya chungu yakatikisika. Hakuna aliyeniambia nyamaza. Mildred alikuja akashika mikono yangu kwa chini, kama mtu anayesaidia kubeba. Apio aliamka akaanza kuchezea nywele zangu. Hakushtuka.

Najua utakasirika. Nimeona nikuambie mimi kabla hujaambiwa sokoni.

Mkamwana wako,
Kate


Masaba, 12 Mei 2025

Mke wa Ben,

Salamu. Apio ni mzima. Homa haijarudi. Anakula uji wa wimbi, wa asubuhi anamaliza, wa jioni ananimwagia.

Barua yako ya mawe niliipata na sikuijibu, kwa sababu sikuwa na maneno yanayofaa kuandikwa. Kisha Pasaka ikaja, nikaitwa hospitali nikamkuta mtoto anawaka kama jiko. Alipopata nafuu nikakuambia nimchukue wiki moja ili upumzike, ukamfunga mwenyewe mgongoni kwangu. Wiki imepita, na nyingine. Sasa nakuambia wazi kwamba simrudishi.

Ulimwita mwenzake kanisani, mbele za watu, na huyu akaitika. Unaniambia ni malaria. Malaria iko hapa tangu sijazaliwa, mbona ilingoja jiwe? Nimempigia Ben. Amesema mtoto akae kwangu mpaka maneno yapoe. Usije kulia uani kwangu. Mlango hautafunguliwa.

Sikufanyi adui. Namficha mtoto, kama nilivyofichwa.

Ameanza kusimama akishika gunia la mahindi. Mchana akilala anapapasa upande wa pili wa mkeka, anapapasa, mpaka usingizi unamchukua. Walisema na mimi nilikuwa hivyo. Sijui mtoto anaachishwaje jambo kama hilo.

Bibi yake


Malaba, 25 Mei 2025

Mama,

Yoga. Natumaini umeamka salama na goti halikusumbui, maana mvua ni nyingi na mtoto ameanza kuwa mzito.

Nilikuja Jumapili iliyopita. Nafikiri unajua. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani na jiko lilikuwa linafuka moshi. Nilimsikia. Alikuwa anapiga sufuria kwa kijiko na kusema "ba ba ba," na hilo "ba" ni jipya, kwangu alikuwa hajalisema. Sikubisha hodi mara ya pili. Sikutaka asikie sauti yangu halafu asinione. Nilikaa chini ya ukuta wako, upande wa kinu, mpaka aliponyamaza, nikarudi na Kevo. Nauli aliikataa, na wewe unajua Kevo.

Maziwa hayajakauka, Mama. Yanakuja saa zake zilezile. Nayakamua kwenye kikombe na kumwaga chini ya migomba. Kwanza yalikuwa ya wawili, yakawa ya mmoja, sasa ni ya migomba.

Uliniuliza mbona malaria ilingoja jiwe. Haikungoja. Mvua ilikuja, neti yetu imechanika na sikuishona, na wiki hiyohiyo mtoto wa Mildred alilazwa kitanda cha pili kutoka kwetu, na huyo hajawahi kuwa na pacha. Lakini sitabishana na wewe kwa malaria. Ungeniletea daktari, ningekuletea daktari, tungefika wapi.

Nitakujibu kwa maneno yako mwenyewe. Uliniandikia kwamba mama yako hakulia, ukaishi. Nakubali, na namshukuru Mungu, maana bila wewe nisingekuwa na Ben. Lakini uliandika pia kwamba alikuwa akitazama kando yako. Nimelisoma neno hilo mara nyingi kuliko Zaburi. Kuanzia mwezi wa kumi na moja, Mama, mimi nilikuwa namtazama Apio hivyo. Namvalisha nguo na macho yako pembeni. Namnyonyesha titi la kulia na natazama la kushoto. Yeye alikuwa ananishika kidevu, ananigeuza. Tangu siku ile ya chungu, nikimtazama namwona yeye. Hilo ndilo jambo ambalo jiwe lilinifanyia. Silijutii, na sitasema najuta ili nirudishiwe mtoto, kwa sababu ningekuwa nakudanganya wewe na kumkana Acen.

Hujui mtoto anaachishwaje kupapasa mkeka. Haachishwi. Unalala upande huo.

Nimeongea na Ben alipofika mpakani Nimule. Amesema tumalizane sisi wenyewe, wanaume wakiogopa mama zao husema hivyo. Basi namalizana na wewe. Jumamosi hii, tarehe 31, nitakuwa kwako asubuhi. Nitakaa nje ya ua, sitapiga kelele, sitakuja na watu wa kanisa wala wa serikali. Ukikawia nitangoja. Giza likiingia nitalala kwa jirani yako Acom, na Jumapili utanikuta palepale. Kungoja si jambo geni kwangu, nimeishi Malaba.

Sikuchukii. Ulikaa na mimi siku zile nilipokuwa siwezi kuinuka, ulinichemshia maji, ulininyoa nywele kwa mikono yako. Kwangu ni kwako. Njoo ukae naye hata mwezi mzima, mlale mkeka mmoja. Lakini mlale kwangu.

Mkamwana wako,
Mama Mapacha

Vitu ambavyo bado nahitaji unitolee nje Jumamosi:

Apio.

Kadi yake ya kliniki, ile ya njano, chanjo ya surua iko karibu.

Dawa ya maji iliyobaki, kama imebaki. Kama imekwisha, chupa.

Shuka la kumbebea. La maua, si lile la mistari.

Kijiko anachopigia sufuria, kama kimekuwa chake.

Na kofia ya sufi ya kijani iliyokuwa chini kabisa ya mfuko wa nguo. Uliibeba pamoja na vitu vya Apio. Hiyo si ya Apio.