Benchi Lako Bado Lipo Barazani

Gongoni, Tabora
Jumapili, baada ya swala ya alasiri

Mtani wangu Mzee Maganga,

Mwangaluka. Nimekusalimu kwa Kinyamwezi chenu usije ukasema Mzaramo hana adabu. Habari za huko? Mgongo bado unakusumbua, au huko migongo haiumi? Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Mkeo nilimwona sokoni Ijumaa, anauza karanga, mashavu yameanza kurudi. Anasema baiskeli yako iko palepale ukutani. Hakuna anayethubutu kuipanda, breki zake ulizijua peke yako.

Nina jambo la kukuomba radhi, halafu nina jambo la kukuchekesha.

Siku tuliyokuzika kule Itetemia watu walikuwa wananisubiri mimi. Mnyamwezi akifa, mtani wake Mzaramo ndiye wa kuchekesha waliofiwa, na pale kwenu Mzaramo nilikuwa mimi tu. Maneno nilikuwa nimeyapanga njiani. Ningesimama mbele ya jeneza niseme, "Msimshushe huyu, ana mzigo wa babu yangu, hajaufikisha Bagamoyo!" Basi jeneza likaletwa. Nikaona lilivyo refu, nikakumbuka ulivyokuwa unainama mlangoni kwetu, nikalia. Mimi, mtani! Nikalia mpaka mkeo ndiye akawa ananibembeleza. Shangazi yako akasema kwa sauti, "Haya, Mzaramo wa mwaka huu ameharibika." Watu wakacheka, lakini mchekeshaji hakuwa mimi. Nikarudi nyumbani najiona sijakuzika.

Na kulikuwa na lile la hospitali, pale Kitete. Ulinishika kidole pale kitandani, sauti imekwisha, ukasema, "Mzaramo, benchi wasiliondoe." Nikakuitikia haraka ili ulale. Sikujua siku ya kuliondoa ilikuwa karibu hivyo.

Unakumbuka siku yangu ya kwanza ofisini? Mimi mhudumu wa chai na usafi, darasa la saba, nimeolewa Tabora juzijuzi, natetemeka kuingia Ofisi ya Mkuu wa Mkoa. Wewe tarishi, umekaa kwenye lile benchi la mninga barazani kama la baba yako. Ukaniuliza, "Umelala wapi?" Nikakasirika. Nikakuambia nimelala kwa mume wangu, Gongoni, wewe inakuhusu nini? Ulicheka mpaka kofia ikaanguka.

Baadaye ndipo ukanieleza. Babu zako waliotembea na misafara kwenda pwani, wakikutana na mtu njiani walimuuliza kwanza hilo, wajue ametoka mbali kiasi gani na amechoka kiasi gani. Wewe ukalileta barazani. Aliyelala njiani anakaa upande wa mlango, anaingia kwanza. Aliyelala kwake mjini anasogea mwisho, hata akiwa na suti. Nilikuona ukimsogeza mfanyabiashara mmoja wa mjini mara tatu, naye anasogea, huku anakunja uso.

Na wageni wakingoja ulikuwa unawasomesha. Kwamba zamani watu walikwenda kwa mtemi, na msafara haukupita Unyanyembe, hapahapa kwetu, bila kulipa hongo, ule ushuru wa njia. Wakaja Wajerumani, ikawa boma, na aliyeitwa bomani aliaga nyumbani. Wakaja Waingereza na Bwana wa Jimbo, na jimbo lenyewe lilikuwa kubwa, Kigoma yote ndani. Ukasema benchi hili ni la enzi zake, mtu mweusi alikaa hapa siku nzima akaambiwa arudi kesho. Tukapata uhuru, akaja Mkuu wa Mkoa, mtu wetu, na watu wakaanza kuja wenyewe bila kuitwa. Hapo ulikuwa unanyanyua kidole. "Tofauti ni hiyo tu. Zamani waliitwa, siku hizi wanakuja. Mtu akija mwenyewe usimchoshe."

Ulikuwa pia huwadanganyi. Bibi akija na kesi ya shamba unamwambia mapema, "Mama, huyu si hakimu, hukumu hawezi kuigeuza. Huyu ni jicho la Rais hapa mkoani. Atakusikiliza, atamwandikia Mkuu wa Wilaya wako, na wa wilaya akiona barua imetoka huku hatalala nayo." Nimeyashika yote hayo, mtani. Sasa nayasema mimi, ila mimi sina kidole kirefu kama chako.

Ulistaafu, tukakuaga kwa pilau na hotuba, kesho yake saa moja na nusu uko kwenye benchi. Nikakuambia, "Mnyamwezi, mzigo umeshatuliwa, nenda nyumbani." Ukasema, "Bega limezoea." Na kweli bega lako la kushoto lilikuwa limeshuka. Nikasema huo ni urithi wa meno ya tembo. Ukanijibu, "Na nyie mlikuwa mnatusubiri pwani na ngoma, kazi hamjui mpaka leo." Ah, Maganga. Hakuna anayenitukana vizuri siku hizi.

Sasa sikia. Mwezi uliopita walikuja mafundi wa rangi. Baraza limependeza, sisemi uongo. Vikaja na viti vya chuma vilivyoshikana, na kadi za namba, kila anayefika anachukua yake. Afisa Utawala akaniambia kwa upole, "Bi Mwanahawa, lile benchi Alhamisi linakwenda stoo." Huyu ni kijana wa Nzega, Mnyamwezi mwenzako, hana ubaya. Nikamweleza neno lako la Kitete. Akasema, "Mama, nakuelewa, lakini tumeshapanga."

Jumatano yote sikula vizuri. Niliomba dua kila swala. Nilikuwa nimeshindwa kukuzika, na sasa nashindwa na benchi.

Alhamisi vibarua wawili wakaja, wageni wamejaa. Wameinama walishike, sijui nini kilinipata. Nikaweka birika la chai chini, nikajilaza juu ya benchi, chali, mikono kifuani kama maiti. Nikapaza sauti:

"Nibebeni nalo! Mimi Mzaramo, mtani wangu Maganga amekufa, na utani wake wa msiba sijautoa! Nipelekeni kwa miguu mpaka Bagamoyo! Nyie si wapagazi? Au mabega yamekuwa laini tangu lije treni?"

Nikafikiri, leo nafukuzwa kazi nikiwa nimelala. Kisha kibarua mmoja akasema, "Mimi siwezi, huyu peke yake ni mizigo miwili," na baraza zima likalipuka. Akinamama wakapiga vigelegele. Afisa Utawala akatoka mbio, "Bi Mwanahawa, shuka!" Nikamwambia, "Sishuki. We Mnyamwezi kweli, unamshusha mtani msibani?" Akavua miwani. Akacheka, mtani, akacheka mpaka akafuta machozi, na mengine hayakuwa ya kucheka.

Mlango wa ndani ukafunguka, Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa mwenyewe akatoka. "Kuna nini hapa?"

Afisa Utawala akajibu, "Msiba, Mheshimiwa."

Akaniangalia nilivyolala. Nikakaa vizuri, nikashusha khanga. Tukamweleza yote. Akauliza, "Kwa hiyo leo nani amelala njiani?" Mama mmoja akanyoosha mkono, ametoka Kitunda, ile ya mwisho wa mkoa wetu, kalala njiani siku mbili, ana kadi namba kumi na saba. Akaingia yeye kwanza.

Benchi limebaki. Viti vya chuma viko ndani, benchi liko nje upande wa mlango, na ni la waliotoka mbali. Kadi zipo pia, lakini kabla sijatoa kadi nauliza. Wapo wanaokasirika kama nilivyokasirika mimi. Nacheka, nawaeleza.

Jioni ile nilipitia kwa mkeo nikamsimulia. Alicheka, akaingia ndani, akanitolea kofia yako. Akasema mtani akitoa utani lazima apewe kitu. Iko hapa mezani ninapoandika.

Basi nikuage, kwaheri ya kweli safari hii, maana ile ya Itetemia haikuwa kwaheri. Wewe Mmoraviani, mimi Muislamu, lakini nakuombea kila Ijumaa kwa namna yangu, Mola akupe nafasi upande wa mlango. Na nakuahidi, nikiwa na nguvu ya kubeba birika, hakuna atakayekaa barazani bila kuulizwa.

Tafadhali nijibu upesi, hata kwa ndoto. Ndoto ikiwa fupi, niambie moja tu: umelala wapi.

Mtani wako,
Mwanahawa