Ngata ya Shangazi Dorkas

Mafinga, 3 Juni 2024

Shikamoo mama. Leo ni miezi saba na siku nne tangu niondoke Kinampanda. Naamini mguu wako umepoa na alizeti imevunwa. Mimi ni mzima kuanzia mabegani kwenda chini. Huku juu shingo inauma tangu Pasaka, na maumivu yanapanda kisogoni mpaka nyuma ya jicho. Tunabeba mbao mbichi kutoka msituni hadi kwenye lori. Bila ngata ya kuwekea mzigo kichwani aliyonisukia shangazi Dorkas, utosi ungeshapasuka. Usihangaike, ni kazi tu.

Mwanao,
Benjamin

Kinampanda, 19 Juni 2024

Marahaba mwanangu. Anayeandika ni dada yako Pendo, maneno ni yangu. Mguu haujambo, natembea bila fimbo. Pendo aliposoma habari ya ngata nilikaa chini. Dorkas alikuvisha kwa mkono wake, akacheka. Mtu mzima anacheka nini mtoto wa kaka yake akisafiri? Mganga wa Misigiri amesema huo ni mkono wa ndani ya ukoo. Ichome. Jumamosi tarehe 20 Julai ukoo unakaa, na Dorkas atahama kiwanja cha marehemu baba yako. Wazee wanangoja neno lako tu, kwamba ni yeye.

Mama yako

Kaka, hapa ni mimi Pendo. Shangazi hajatoka nje siku ya tatu leo. Andika haraka.

Mafinga, 4 Julai 2024

Shikamoo mama. Nimefurahi umeacha fimbo. Neno mnalongoja silitoi.

Nilikwenda zahanati, nikamweleza nesi na habari za barua yenu. Huyo nesi, Theodora, mama mkali, alinipima presha, akanigeuza shingo nikapiga kelele.

"Mbao unaziweka wapi?"

"Kichwani na bega la kulia. Sijawahi kubadilisha."

"Unalalia nini?"

"Kipande cha gogo, nimekivisha koti."

Alicheka mpaka akavua miwani. "Halafu kwenu wanatafuta mchawi!"

Kasema misuli ya shingo imekaza, ndiyo inayovuta kichwa. Nipunguze mzigo, nibadilishe bega, nitupe gogo. Nikipata homa na shingo ikakakamaa, au mkono ukifa ganzi, nirudi mbio. Ngata akaigeuzageuza, akasema ndicho kitu pekee chenye akili katika kazi yangu. Siku kumi sasa kichwa kimepungua, ingawa hakijaisha.

Shangazi alicheka siku ile kwa sababu nilivaa viatu vya baba, vikawa vinapiga kelele kama bata. Hata wewe ulicheka, mama. Na baba alipokufa, nani alilala chini pembeni yako mpaka ukaweza kula? Huyo mganga hajabeba ubao hata mmoja.

Msimamizi kasema nikiondoka sasa nafasi yangu inachukuliwa. Waichukue tu. Waambie wazee wasikae bila mimi. Nitalala nyumbani kwa shangazi, nitakula ugali wa mkono wake mbele yao wote, na nitaomba niongezewe. Nafika Alhamisi tarehe 18, basi la jioni.

Mwanao,
Benjamin