Alizeti Zilizovuliwa Mifuko

Jumatatu, 3 Juni
Kinyaa kitupu. Nimefika shambani asubuhi, alizeti zangu za mistari ya mbele ziko uchi! Mifuko ya kitambaa inayozuia nyuki imevuliwa, imerundikwa kwenye karai. Nyuki wanatoka kwenye alizeti za kawaida za jirani, wanaleta chavua kwa raha zao. Msimamizi anasema Mkuu wa kituo aliagiza jana: wageni walitaka kupiga picha na maua, sio na matambara.
Matambara. Miaka yote niliyoilinda mbegu hii.

Jumanne, 4 Juni
Nimemfuata Mkuu ofisini. Nikamweleza polepole: jeni inayofanya mafuta haya yasichache upesi, lazima punje iirithi kwa baba na kwa mama. Chavua ya nje ikiingia, unapata mafuta yaleyale ya kila siku. Alikuwa anachagua picha kwenye simu. Eti, dada, nyuki wa siku moja tu, usikuze mambo. Akaamuru mifuko irudishwe.
Maji yakishamwagika hayazoleki. Yeye anataka tuyafunike.

Alhamisi, 6 Juni
Picha imebandikwa mapokezi. Mkuu kakumbatia ua langu. Nimerudi nyumbani nimenuna. Mume wangu anasema nikanune huko huko kazini.

Jumatano, 17 Julai
Tumevuna, nimepima. Mistari ya mbele imeharibika: kichwa kimoja, punje hii imejaa asidi ya oleiki, ile inayozuia mafuta kuchacha, ya pembeni yake inayo kidogo tu. Ya nyuma, ambako wageni hawakufika, ni safi. Lakini ni magunia machache mno.

Ijumaa, 19 Julai
Mkuu kaja maabara, ananukia manukato hadi koo linawasha. Anataka nichote sampuli ya mistari ya nyuma peke yake, cheti cha ubora kitoke, magunia yote yaende kwa wakulima. Nikamwambia kiwanda cha mafuta kitapima mavuno yao na kuyakataa, na wao ndio watakaoitwa wachakachuaji. Akasema hayo ni ya msimu ujao. Halafu, kwa upole, akaulizia mkataba wangu unaisha lini.
Nilitaka kumtemea mate. Mdomo wangu ukasema, "Nitafikiria, bosi." Nitafikiria! Mimi huyu. Najichukia kuliko ninavyomchukia yeye.
Naandika nikiwa stoo. Lori limeshapakiwa nusu. Amegonga dirisha sasa hivi, anauliza nimefikia wapi. Nimemjibu bado kidogo. Gunia nililolifungua kuchota sampuli ni la mistari ya nyuma.