Sala ya Chumba Namba Mbili

Jumatatu, 3 Machi

Hujambo, daftari? U mzima? Mimi sijambo kiasi, mgongo tu. Usinishangae kukusalimia – ndivyo nilivyolelewa, huingii kwa mtu ukaanza kumwaga maneno bila kumjulia hali.

Sasa nina madaftari mawili. Jekundu ni la kliniki. Mwanafunzi anayemtibu mume wangu ndiye aliyenipa: Mama, kila neno atakalosema Baba nyumbani liandike, na alikuwa anataka nini. La pili ni wewe. Wewe huendi kwa mtu.

Miezi minane tangu kiharusi. Mguu umerudi. Mkono wa kulia, nusu. Maneno – hakuna. Mume wangu, dereva wa lori miaka ishirini na sita, ambaye wenzake walimwita Redio kwa kuwa alikuwa hazimiki! Leo ana maneno mawili tu: haya basi. Chai? Haya basi. Unaumwa? Haya basi. Anaelewa, macho yake yanajua kila kitu. Neno ndilo halitoki.

Mimi ni mhudumu hapo hapo kliniki, kwenye chuo cha kanisa. Wanafunzi wa shahada ya pili wanajifunza kutibu usemi: watoto wenye kigugumizi, wazee wa kiharusi, walimu waliokaukiwa sauti. Nafungua vyumba, nafuta meza, napanga kadi za picha, nasafisha kile kioo cha ajabu. Ukiwa chumbani unajiona mwenyewe. Ukiwa upande wa pili, kwenye kijichumba cha giza, unamwona aliye ndani na yeye hakuoni. Huko ndiko Profesa hukaa na kalamu yake akitoa alama. Mimi niliishia darasa la saba. Lakini kufuta kioo kile miaka kumi na moja si mchezo, nimesikia mengi.

Jumatano, 5 Machi

Bwana asifiwe! Siwezi kukaa.

Ni desturi ya chuo, kila kipindi kinaanza kwa sala, mgonjwa akikubali. Mwanafunzi huomba kwa maneno yake, mafupi. Huyu wetu – mimi namwita Miwani, maana zinamteleza hadi nchani mwa pua kila akiinama – leo kichwa chake kilikuwa kwenye mtihani. Tarehe 18 anasimama mbele ya walimu watatu kueleza kesi ya mume wangu. Akifaulu hapo, amemaliza. Basi maneno yakamwishia mdomoni, akaamua waseme Sala ya Bwana. Akaanza. Na mume wangu akaingia naye! Mstari kwa mstari, kwa ile sauti yake nzito, bila kukwama, hadi Amina!

Mimi nilikuwa nyuma ya kioo cha chumba namba mbili na kitambaa mkononi. Kilianguka, sikukiokota. Miwani analia huko, mimi nalia huku. Mume wangu peke yake hakulia. Alikuwa anamtazama tu yule binti, kama mtu aliyepewa zawadi iliyoandikwa jina la mwingine.

Miwani kanionyesha ripoti kabla ya kuiweka kwenye faili, maana Profesa yuko safarini hadi Jumatatu. Ameandika: mgonjwa ametoka maneno mawili hadi sentensi kamili. Sentensi kamili! Nimeibusu karatasi.

Alhamisi, 6 Machi

Jana nilimpigia simu wifi, dada mkubwa wa mume wangu. Kosa hilo! Kufika adhuhuri ya leo mtaa mzima unajua. Anapita mlango kwa mlango, Redio imerudi hewani, leteni betri!

Jioni kaja Mchungaji mwenyewe. Hakukubali hata kiti. Anasema Jumapili ya tarehe 16 kuna wageni kutoka makanisa jirani, na mume wangu asimame atoe ushuhuda. Nikasema amina. Nilisema haraka mno. Mume wangu alikuwa amekaa pale pale, kati yetu, tunaongea juu ya kichwa chake.

Ijumaa, 7 Machi

Leo nimemjaribu. Mungu anisamehe.

Unataka chai au maji? Haya basi. Nikaonyesha kikombe, nikaonyesha jagi. Haya basi. Binti yetu anaitwa nani? Akafungua mdomo. Nikaona shingo inavimba kwa kuhangaika. Haya basi – akapiga meza kwa kiganja, chumvi ikaruka.

Nikaanza ile sala. Ikatiririka kama maji ya bomba! Nikamsimamisha katikati, nikamwomba aendelee kutoka hapo. Kimya. Hajui tulipofika. Lazima arudi mwanzo.

Kwenye daftari jekundu sijaandika kitu. Kalamu niliishika. Nikaiweka.

Jumatatu, 10 Machi

Profesa karudi. Ofisi yake na stoo yangu ya ndoo ukuta wake ni mbao. Sikutega sikio, lakini sikuziba pia.

Alikuwa na ripoti ya Miwani. Sauti yake haikupanda hata kidogo, na hiyo ndiyo mbaya kwake. Akamwuliza, ukipanda ngazi za bweni unazihesabu? Hapana, Profesa. Mguu unajua wenyewe, si ndiyo? Basi sala aliyoisema tangu utoto ndivyo ilivyo. Nyimbo vilevile, kuhesabu vilevile. Vimekaa mahali pengine kichwani, kiharusi hakikufika huko. Lakini kusema nina kiu lazima atunge mwenyewe, na hapo ndipo palipoumia.

Nikasikia karatasi zinapinduliwa, kisha Profesa akaendelea.

– Hili nililifundisha mwaka wa kwanza, wiki ya tatu. Ulilijibu vizuri, nakumbuka. Angekuhesabia moja hadi kumi ungelitambua papo hapo. Lakini kwa kuwa ilikuwa sala, ukasahau kila kitu.

– Profesa, kwani Mungu hawezi?

– Anaweza, mwanangu. Wewe andika ulichokiona. Umemwona akiomba maji?

Nikasikia pua inavutwa. Kisha Profesa akauliza mke wa mgonjwa ameandika nini kwenye daftari la nyumbani.

Miwani alinikuta kwenye korido. Macho mekundu, miwani mkononi. Mama, tangu Jumatano hujaandika? Nikamwambia kazi zimenizidi. Uongo mtupu! Katika chuo cha Mungu, na ndoo mkononi. Nilijua nikiandika kweli, ripoti yake inaanguka, na ushuhuda unaanguka, na mimi naanguka kutoka kule juu nilikokuwa tangu Jumatano. Hapo juu palikuwa pazuri jamani.

Jumatano, 12 Machi

Nimeandika. Asubuhi, kabla hatujatoka. Chai: haya basi. Maji: haya basi. Jina la binti yetu: haya basi, akapiga meza. Sala: yote. Sala kuanzia katikati: hakuna. Herufi zimelala kama zimelewa.

Miwani alisoma akiwa amesimama. Akanishika mkono. Akasema Mama, hii ndiyo ripoti.

Profesa alikuwa nyuma ya kioo, akaniita niketi naye. Mara ya kwanza nakaa kwenye kile kiti badala ya kukifuta.

Miwani akamwomba msamaha kwanza. Baba, wiki iliyopita nilifurahi kabla sijakusikiliza. Kisha akaweka kadi mbili mezani, moja ina NDIYO na alama ya vema, nyingine HAPANA na alama ya kosa. Akamjaribu. Wewe ni mwanamke? Mume wangu akacheka hadi bega likatikisika, kidole kwenye hapana. Uliendesha lori? Ndiyo. Ulikuwa unaendesha polepole? Akanitafuta kwenye kioo, mwongo yule, akaweka ndiyo! Profesa kanitazama. Nikamwambia, huyo? Polepole? Hata wifi yangu aliapa hapandi naye tena. Profesa akaziba mdomo asisikike ndani.

Halafu Miwani akauliza. Jumapili unataka kwenda kanisani? Ndiyo. Unataka kusimama mbele ya watu? Hapana. Akageuza: unataka kukaa kwenye benchi na mkeo? Ndiyo. Akauliza tena ya kusimama, taratibu. Hapana – na kidole hakikuondoka.

Profesa aliandika. Mimi niliangalia mikono yangu. Mchungaji hakumwuliza. Wifi hakumwuliza. Na mimi niliyelala naye kitanda kimoja miaka thelathini na moja, sikumwuliza! Tulifurahi hadi tukamsahau mwenye mdomo.

Alhamisi, 13 Machi

Nimempigia Mchungaji. Nikamwambia hataki. Akauliza, Mama, amesemaje kama hawezi kusema? Nikaeleza kadi. Nikaeleza ngazi na mguu, nikachanganya, nikaanza upya. Alinisikiliza kwa upole, si mtu mbaya. Mwisho akauliza:

– Lakini sala aliisema?

– Aliisema, Mchungaji.

– Basi asimame aseme hiyo tu. Hatutaongeza neno. Watu watabarikiwa.

Na mimi – amina. Amina! Ulimi wangu huu! Mume wangu maneno yamemkwama, mimi yananitoka yenyewe. Nani mgonjwa hapa?

Ijumaa, 14 Machi

Profesa kaniomba niingie darasani. Si kufagia – kusema. Wanafunzi kumi na nne, kila mmoja na kompyuta. Nilivaa gauni la ibada. Nikawaambia sijasoma, wakasema tuambie tu, Mama.

Nikawaambia siku ile nyuma ya kioo. Nikawaambia ubaya haukuwa kukosea, ubaya ni kwamba tuliandika na kutangaza na kuomba na kushukuru, yote hayo, na mwenyewe amekaa hapo. Mmoja kaniuliza, sasa akisema ile sala ni bure? Nikamwambia sijui ya vichwani. Lakini nyumbani tunaisema kila siku pamoja, na ndiyo saa pekee ninaisikia sauti ya mume wangu. Si bure. Ila ni yetu na Mungu. Si ya maiki.

Hakuna aliyeandika. Profesa akasema, hapo andikeni.

Miwani atasimama hiyo tarehe 18 na ripoti mpya. Ameweka kosa lake ukurasa wa kwanza. Anasema hajui walimu wengine wawili watalipokeaje.

Jumamosi, 15 Machi

Wifi amepita asubuhi na suti. Ameifua na kuipiga pasi. Anasema ukimkatalia Mchungaji sasa utatuaibisha, ratiba imeshachapwa, jina la mdogo wangu liko baada ya kwaya. Nikamwambia wifi, mwulize mwenyewe, kadi hizo hapo. Akazitazama kama kadi za kamari. Hakuuliza. Lakini hakuondoka pia. Amekaa jikoni, anakunywa chai yangu, anangoja.

Nimepiga simu kwa Mchungaji mara mbili, sijaongea, nimekata. Najijua. Kwa mdomo nitasema amina tena. Kwa hiyo naandika barua, wifi ataipeleka. Naianzia hapa, nitaihamisha kwenye karatasi safi. Mume wangu yuko pembeni. Kila mstari namsomea, anaweka kidole.

Mchungaji wetu mpendwa, salamu katika jina la Bwana. Hujambo? Mama Mchungaji na watoto hawajambo? Kifua chako kimepoa? Sisi tu wazima.

Kesho tutakuja ibadani wote wawili. (Ndiyo.)

Mume wangu hatasimama mbele, wala kwa ushuhuda wala kwa sala. (Ndiyo. Kidole kimekaa muda mrefu.)

Maneno yake mwenyewe bado hayajarudi. Wanafunzi wanaendelea naye. (Ndiyo. Akavuta pumzi.)

Kosa ni langu, niliitikia bila kumwuliza. (Ndiyo! Haraka hivyo? Haya.)

Anaomba radhi kwa usumbufu. (Hapana. Nikadhani hakusikia vizuri, nikasoma tena, polepole. Hapana – akaigonga kadi mara mbili, wifi akachungulia kutoka jikoni. Nimeufuta mstari.)

Tunaomba utujibu mapema, leo hii, tujue kama jina lake limetoka kwenye ratiba. (Ndiyo.)