Baleinière Si ya Wenceslas Tena

Jumatatu, 4 Machi 2024
Tumetia sahihi! Makiso, hapa Kisangani, mbele ya notaire, mthibitishaji wa mikataba: binti yangu Bibiche na mdogo wangu Wenceslas, aliyeshuka mto Lomami kutoka upande wa Opala. Bibiche ameleta pesa. Wenceslas ameleta baleinière yake, ile mashua ya mbao ya kubebea mizigo. SARL, yaani kampuni ndogo, ya watu wawili; Bibiche ndiye gérante, msimamizi wake. Kufasiri ilikuwa kazi yangu, polepole, kama zamani darasani nilipofundisha sheria: Kampuni ni mtu wa tatu. Ikianguka na madeni, nyumba zenu haziguswi. Lakini na nyinyi msiguse mali yake — baleinière ni yake sasa.

Wenceslas akaniuliza mimi kaka yake: Yaya, huyu mutu wa tatu, anakulaka? Hata notaire alicheka.

Ijumaa, 8 Machi
Wenceslas amerudi kwake kwa pikipiki. Mara ya kwanza bila baleinière yake! Baleinière imebaki bandarini, ina kazi.

Jumanne, 2 Aprili
Simu. Micheline, mke wa Wenceslas. Tumbo la mumewe limefungana tangu juzi, anatapika. Muuguzi wa kijiji anasema apasuliwe upesi, Kisangani. Kukaa juu ya pikipiki hawezi. Papa, mutume bateau yake, alisema.

Yake. Sikumsahihisha.

Nimezunguka bandari nzima. Hakuna chombo kingine kinachopanda Lomami juma hili.

Jumatano, 3 Aprili
Baleinière imejaa sementi ya kupeleka Bumba, si njia ya Lomami. Mkataba wa kwanza wa kampuni, na wenye mzigo wamekwisha kulipa. Bibiche macho mekundu. Nilimwambia: Lomami kwanza, Bumba baadaye.

Akajibu: Bon. Ni papa anasema, ao ni mwalimu wa sheria? Kama ni mwalimu, mkataba iko wazi, tunaondoka kesho asubui. Kama ni papa, nitashusha sementi, na kampuni ikufe. Lakini unitume, papa. Usiniache nichague peke yangu.

Nikaanza kufasiri. Mamlaka ya gérant, haki ya mwenye hisa… Maelezo marefu. Aliondoka kabla sijamaliza.

Sikumwita.

Alhamisi, 4 Aprili, bandarini
Wenceslas mwenyewe kwenye simu. Sauti nyembamba, sikuitambua. Nilijua atanilaumu. Hapana. Aliuliza kwa adabu: Yaya, uulize gérante. Mutu mwenye kulala anakamata nafasi ya mifuko ngapi? Tutalipa.

Hakuwa anatania. Nimemlea, namjua anapotania.

Nimemwambia angoje kidogo. Nimekaa juu ya sementi, simu wazi gotini, namsikia anavyopumua. Bibiche amesimama kwenye ubao wa kupandia, ananitazama. Mota inanguruma. Nahodha ameshika kamba, anauliza: Papa, tunafungua?

Na mimi naandika — mtu mzima, naandika! — badala ya kumtuma binti yangu, kama alivyoniomba.