Kiti cha barazani

Jumanne.

Bado sijawajibu wale wa Dodoma, na kesho ndiyo siku ya mwisho. Wananitaka nikasahihishe vitabu vya shule kwa mkataba. Kazi ninaiweza. Sijui tu kama ninaitaka.

Jioni Bi Somoe, jirani na mtani wangu, aliingia bila hodi, akanyanyua kiti changu cha barazani.

"Mwalimu, hiki changu sasa. Baridi ya Dodoma itakuua, na wafu hawakai vitini."

"Sijasema kwamba ninakwenda."

"Basi kigombanie. Ukinyamaza, nimekirithi."

Kwa utani wetu, kitu kikichukuliwa hudaiwa palepale, kwa maneno makali, watu wakicheka. Miaka yote hapa Chuno sijawahi kumwachia hata kikombe. Leo nilimtazama tu akivuka njia, kiti kichwani. Aligeuka mara mbili kunisubiri. Mara ya pili hakuwa akicheka.

Sikuumia. Sikufurahi pia. Hilo linanitia wasiwasi kuliko safari yenyewe.

Nimekula muhogo wa mchana nikiwa nimesimama. Kesho asubuhi nitawapigia simu, niwaambie kwamba ninakuja.